Usiifungulie dunia hifadhidata kwa sababu ya kosa namba 2003

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme jambo kuhusu ushauri unaozunguka miongoni mwa vijana wa TEHAMA. Mtu yuko ofisini kwake na laptopu, hifadhidata yake, inayoendeshwa na programu ya MySQL, iko kwenye seva ya kukodi huko mbali. Anaandika amri ya kuunganisha, inagoma. Akiuliza, anajibiwa mara moja: weka `bind-address` iwe `0.0.0.0` (isikilize anwani zote), mpe mtumiaji alama ya `%` (aingie kutoka popote), zima ukuta wa ulinzi. Kweli, itaunganisha. Ila sasa mlango huo ataugonga kila mtu mwenye intaneti. Januari 2017 maelfu ya hifadhidata za MongoDB zilizoachwa wazi namna hiyo zilifutwa, wenyewe wakakuta ujumbe wa kudai Bitcoin. Mwezi uliofuata ikawa zamu ya MySQL. Na kwa Tanzania, tangu Mei 2023 ipo sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi inayofanya kazi, kwa hiyo majina na namba za simu za wateja zikivuja, suala haliishii kwa fundi peke yake.

Kinachoudhi ni kwamba seva yenyewe huwa imeshasema tatizo liko wapi, tena kwa namba, ila msomaji anaishia kwenye neno "ERROR".

Chukua kosa namba 2003, la kushindwa kuunganisha. Usiishie hapo, tazama namba iliyo kwenye mabano mwishoni. Kwenye Linux ikiwa 111 (Windows huandika 10061), maana yake ni kwamba ombi lako limefika kwenye mashine ile na limekataliwa: hakuna programu inayosikiliza kwenye anwani na poti hiyo (poti ni namba ya mlango wa programu; ya MySQL kwa kawaida ni 3306). Ama MySQL imezimika, ama umekosea poti, ama inasikiliza 127.0.0.1 tu, yaani inajibu waliomo ndani ya nyumba peke yao. Ingia kwenye seva kwa SSH (njia salama ya kuendesha seva ukiwa mbali) na uandike `sudo ss -ltnp | grep 3306`. Ukiona `127.0.0.1:3306`, umepata jibu. (Usibabaishwe na mstari wa 33060, hiyo ni poti nyingine ya MySQL hiyohiyo.)

Ikiwa 110, au 10060 kwa Windows, mambo ni tofauti kabisa. Amri inakaa kimya muda mrefu ndipo inakata tamaa. Hapo mara nyingi pakiti, yaani vipande vya ujumbe wako, zinamezwa njiani na ukuta wa ulinzi, na kuhangaika na nywila ni kupoteza muda. Kumbuka pia kwamba kuta zinaweza kuwa mbili: `ufw` iliyo ndani ya seva, na ile ya kampuni inayokukodisha, ambayo hupangwa kwenye ukurasa wao wa usimamizi. Watu hufungua ya kwanza, wakaisahau ya pili. Kipimo cha haraka ni `nc -vz anwani-ya-seva 3306`, kwa sababu chenyewe hakijui habari za MySQL. Kinapima njia tu.

Kosa la 1130 au 1045 likitokea, furahi kidogo. Njia iko wazi, umefika mpaka kwa MySQL yenyewe. Ya 1130 inasema hakuna akaunti yoyote inayoruhusiwa kutoka anwani uliyotokea. Ya 1045 inasema jina, nywila na anwani havilingani, na hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa sababu kwenye MySQL akaunti ni jina pamoja na mahali anapotoka mtu. Kwa mtumiaji aitwaye ripoti, `'ripoti'@'localhost'` (kutoka ndani ya seva) na `'ripoti'@'%'` (kutoka popote) ni akaunti mbili, kila moja na nywila yake na ruhusa zake. Soma ujumbe wenyewe: anwani iliyoandikwa baada ya alama ya @ ndivyo seva inavyokuona wewe, na huenda siyo unayodhani. Kisha mwombe msimamizi aandike `SELECT user, host FROM mysql.user;` mlinganishe.

Mwisho wa ujumbe huo pana `using password: YES` au `NO`. Ikiwa NO, nywila haikutumwa kabisa, umesahau `-p`. Na ukiandika `-p`, ukaacha nafasi, kisha nywila, MySQL italichukua neno lile kuwa jina la hifadhidata: itakuomba nywila upya, halafu ikwambie hifadhidata hiyo haipo au huruhusiwi kuiingia. Acha `-p` peke yake, uandike nywila unapoulizwa. Hata historia ya amri haitaihifadhi. `-P` kubwa ni ya poti.

Sasa kuhusu kuruhusu anwani moja tu ya IP, ambao ni ushauri mzuri kwa ofisi yenye anwani isiyobadilika. Wengi wetu tunatumia modemu au simu. Mitandao ya simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje, na anwani hiyo hubadilika. Ukiiruhusu leo asubuhi, umewaruhusu na usiowajua, na kesho wewe mwenyewe utafungiwa nje.

Dawa ni handaki la SSH, yaani kuipitisha MySQL ndani ya muunganisho wa SSH. MySQL iache ilivyo, kwenye 127.0.0.1, na 3306 ibaki imefungwa kwa nje. Kwenye laptopu andika:

`ssh -N -L 3307:127.0.0.1:3306 fundi@anwani-ya-seva`

Dirisha hilo litakaa kimya bila kuonyesha chochote; ndivyo inavyotakiwa, usilifunge. Fungua dirisha lingine:

`mysql -h 127.0.0.1 -P 3307 -u ripoti -p`

Usiandike `localhost` mahali pa 127.0.0.1. Kwenye Linux, MySQL ikiona `localhost` haipiti kwenye mtandao, inatafuta faili la soketi (njia ya ndani ya kompyuta hiyohiyo) kwenye laptopu yako mwenyewe na kuipuuza poti uliyotaja. Utapata kosa la 2002 na kuilaumu seva bure. Kwa upande wa seva, ombi lililopita handakini huonekana limetoka humohumo ndani, kwa hiyo `'ripoti'@'localhost'` inatosha, isipokuwa pale palipowashwa `skip_name_resolve` (seva isigeuze anwani kuwa majina), ambapo akaunti lazima iandikwe `'ripoti'@'127.0.0.1'`. Muunganisho ukikatika kila ukiuacha kidogo, ongeza `-o ServerAliveInterval=60` kwenye amri ya SSH.

Wanaotumia PostgreSQL, programu nyingine ya hifadhidata, wana poti 5432 na mafaili mawili: `listen_addresses` ndani ya `postgresql.conf`, ambayo ukiibadili lazima uiwashe upya huduma nzima, na `pg_hba.conf`, ambayo huhitaji kusomwa upya tu. Hili la pili husomwa kuanzia juu na mstari wa kwanza unaolingana ndio unaoamua, hata kama chini yake umeandika ruhusa nzuri kiasi gani. Handaki ni lilelile, badili namba tu.

Na aliyekwisha kufungua 3306 kwa wote aanze na `SELECT user, host FROM mysql.user WHERE host='%';` leo hii. Akimkuta `root`, mtumiaji mwenye mamlaka yote, humo, amwondoe kabla ya kugusa kitu kingine, baada ya kuhakikisha yupo `'root'@'localhost'`.

Msimamizi wa seva,
Morogoro