Karatasi ya siklingi haitoshi, mwanangu

Mwanangu Salim,

Picha ya majibu ya mchumba wako nimeipata, nikaikuza mpaka muhuri wa maabara ukasomeka. Siklingi, kile kipimo cha haraka cha selimundu, hasi, kundi la damu O chanya, na chini umeniandikia, "Mama, tumepima, sasa washenga waje." Hamjapima, Salim. Barua ya posa iko hapa mezani, mjomba wako ameshanunua bahasha na kitambaa cha kuifungia, na haiondoki Tanga kuja huko Mwanza mpaka nione karatasi nyingine.

Sina neno na binti wa watu. Amenipigia mara mbili, ana adabu, na hunisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo wewe huliwezi. Neno langu ni damu tu.

Tuanze na hilo kundi la damu ulilolizungushia duara. A, B, AB na O hutuambia nani amwongezee nani damu. Kwenye selimundu hayasemi kitu. Kila wiki mtu husimama dirishani maabara akisema yeye ni salama kwa sababu ni O. Unachotafuta ni aina ya hemoglobini, ile protini ya damu inayobeba oksijeni. Kila mtu hurithi nakala mbili za jeni yake, moja kwa kila mzazi: AA hana S, AS anabeba S moja bila kuugua, SS ndiye mgonjwa wa selimundu, na hiyo kwenye karatasi yako haipo.

Sasa siklingi yenyewe. Tone la damu huchanganywa kwenye slaidi na metabisalfaiti ya sodiamu ya asilimia 2, yaani gramu 0.2 kwenye mililita 10 za maji. Juu hufunikwa kioo chembamba, kingo zikazibwa kwa vaselini ili hewa isiingie, kisha slaidi husomwa kwa hadubini baada ya dakika 30 hadi saa moja, na ikibaki na shaka huachwa hadi kesho yake. Oksijeni ikiisha, chembe zenye hemoglobini S hujikunja kama mundu. Kazi rahisi, na ndiyo maana huharibika kirahisi. Ile metabisalfaiti lazima itengenezwe upya kila siku. Ya jana imekwisha nguvu, chembe hazijikunji, na mwenye AS anaandikiwa hasi. Vaselini ikiacha upenyo, hewa inaingia, majibu yanakuwa yale yale. Aliyeongezewa damu ndani ya miezi 3 au 4 anaweza kuonyesha damu ya aliyemchangia. Maabara inayojiheshimu huweka slaidi ya pili pembeni, ya mtu anayejulikana kuwa na S. Kama hiyo nayo haikujikunja, kazi nzima inamwagwa. Uliuliza kama waliiweka? Hukuuliza.

Hata siklingi iliyofanywa vizuri ina mipaka miwili. Ikiwa chanya, haitenganishi AS na SS. Ikiwa hasi, haioni hemoglobini C, aina nyingine ya kurithi, wala mtu anayebeba beta thalasemia, kasoro ya kurithi inayopunguza utengenezaji wa hemoglobini, na mtoto akichukua S upande mmoja na beta thalasemia upande wa pili anaweza kuugua karibu sawa na mwenye SS.

Kwa hiyo nendeni wote wawili, siku moja, mkapime elektroforesisi ya hemoglobini au ile ya mashine ya HPLC, vipimo vinavyotenganisha aina za hemoglobini na kupima kiasi cha kila moja. Hapo Mwanza anzieni Hospitali ya Bugando. Damu mililita 2 inatosha, kwenye kichupa chenye kizibo cha zambarau, kigeuzwe taratibu mara 8 hadi 10 bila kutikiswa. Kama sampuli inasafirishwa, iwe kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, isigande. Mwambie mtaalamu kama kuna aliyeongezewa damu karibuni. Ombeni na picha kamili ya damu siku hiyo hiyo, maana bila hiyo nusu ya majibu haisomeki.

Majibu yakija, usisome neno la mwisho tu, soma tarakimu. Mwenye AS huwa na A nyingi kuliko S: A kama asilimia 60, S kama 35 hadi 40. Ukikuta S imeipita A na mtu hajaongezewa damu, hiyo si AS ya kawaida, rudi kwa daktari muulize thalasemia. Mwenye AA, tazama A2, hemoglobini ya kawaida ambayo kila mtu anayo kidogo. Ikizidi asilimia 3.5, na chembe zake ni ndogo, yaani MCV, kipimo cha ukubwa wa chembe, iko chini ya 80, huenda anabeba beta thalasemia. Ila akiwa na upungufu wa madini chuma A2 hushuka ikajificha, kwa hiyo atibiwe kwanza, apimwe tena. Na kwenye elektroforesisi ya alkali, S husimama mstari mmoja na D, aina nyingine ya hemoglobini, na C husimama na A2. Ukiandikiwa hizo herufi ngeni, omba kipimo cha pili cha tindikali ndipo ukubali.

Unaniambia nakuza mambo. Hebu tazama umetoka wapi na umekwenda kuchumbia wapi. Selimundu ni herufi moja iliyobadilika kwenye jeni ya HBB, kromosomu ya 11: herufi A ya DNA ikawa T, na asidi amino ya sita ya mnyororo wa beta, iliyopaswa kuwa glutamiki, ikawa valini. Ilitakiwa ifutike zamani, kwa sababu wenye SS wengi walikufa kabla ya kuzaa. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha mwaka 1954 kwa nini haikufutika. Mwenye AS hulindwa dhidi ya malaria ya falsiparamu. Vimelea humwingia kama mtu mwingine, lakini malaria kali, ile ya kupoteza fahamu na kuishiwa damu, humpata kwa kiasi cha moja ya kumi ya wenzake. Malaria ilikuwa inawapunguza wenye AA, selimundu inawapunguza wenye SS, na mwenye AS katikati anabaki akizaa. Ndiyo maana Allison aliikuta S tele Pwani na kuzunguka Ziwa Viktoria, na haba sana kwa watu wa nyanda za juu zenye baridi na mbu wachache. Wewe ni wa Tanga, yeye kwao Ukerewe. Mbu wa Pwani na mbu wa Ziwa wamefanya kazi ileile kwenu wote wawili.

Chukua kalamu. Tuseme katika jamii moja, nakala 1 kati ya 10 za jeni hiyo ni S. Kanuni ya Hardy na Weinberg ya mwaka 1908 inataka uzidishe: 0.9 kwa 0.9 ni 0.81, hao ni AA. Mbili mara 0.9 mara 0.1 ni 0.18, hao ni AS. 0.1 kwa 0.1 ni 0.01, hao ni SS. Mgonjwa mmoja unayemwona kwenye watu 100 ana wenzake 18 wazima kabisa wanaobeba, wanacheza mpira, wanaoa. Na hesabu hiyo ni ya kabla ya kuchagua mchumba; hakuna dalili utakayoiona usoni mwake wala mwendoni.

Na wewe je? Mimi na baba yako sote ni AS, hilo halihitaji maelezo ukimtazama dada yako Mwanaidi mwenye SS. Mtoto mzima wa wazazi wa namna hiyo, hata bila kipimo, nafasi yake ya kubeba ni mbili kwa tatu, kwa sababu kati ya njia nne umeshaiondoa ile ya SS. Kwako hakuna haja ya kukisia. Daftari lako la kliniki, lile la jalada la kijani, ukurasa wa mwisho kuna AS tangu ukiwa na miaka miwili. Ulipomaliza kidato cha nne ndipo ulipotakiwa kuonyeshwa. Kulikuwa na mambo mengi mwaka ule. Kapime upya, usitegemee mwandiko wa zamani.

Kama naye ni AS, kila mimba, si mtoto wa nne, kila mimba: robo SS, nusu AS, robo AA. Mimba haikumbuki iliyotangulia. Watoto watatu wote kukosa SS ni 27 katika 64, yaani chini ya nusu. Nakuandikia hivi kwa sababu rafiki zako watakwambia "mmoja tu kati ya wanne," kana kwamba foleni inajulikana.

Simuni ulinijibu kwamba siku hizi kuna dawa, na Wamarekani wameshapata tiba ya vinasaba. Ni kweli, na nafurahi unasoma. Lakini elewa dawa hizo zinafanya nini. Karibu kila seli yako ina maandishi yaleyale. Jicho likawa jicho na ini likawa ini kwa sababu ya jeni zipi zimefunguliwa na zipi zimefungwa. Mtoto tumboni hutumia mnyororo wa gama badala ya beta, hemoglobini F, na gama haina ile herufi mbaya. Akizaliwa, F ni zaidi ya nusu ya hemoglobini yake. Kisha protini iitwayo BCL11A, ambayo jeni yake iko kromosomu ya 2, huifunga jeni ya gama, na vibandiko vya methili hukaa juu ya DNA yake na kuiweka imefungwa. Beta inashika zamu. Kwa mwenye SS, zamu hiyo ndiyo balaa: karibu miezi sita vidole vinavimba, na mama anadhani mtoto ameumwa na mdudu. Herufi ilikuwepo tangu siku ya kwanza; kilichobadilika ni swichi.

Haidroksiurea, dawa anayomeza Mwanaidi, huisukuma F ipande tena. Kilo 50 mara miligramu 20, ni 1,000, vidonge viwili vya 500 kila siku, hata siku asiyoumwa. Hapo ndipo watu hukosea, wanaimeza kama panadoli. Alipoanza alipimwa damu kila wiki 4, sasa kila miezi 3, kwa sababu dozi ikizidi hushusha chembe nyeupe na mwili unakosa askari. Na asiimeze akiwa na mimba. F ikibaki juu ugonjwa hupungua makali: kuna watu wa mashariki ya Uarabuni na India wenye SS ileile ambao F yao hukaa juu kwa asili, nao wengi huumwa kidogo kuliko wetu. Herufi moja, swichi tofauti.

Hiyo tiba mpya, iliyoidhinishwa Uingereza Novemba 2023 na Marekani Desemba, hutoa seli za uloto wa mifupa, hukata kipande kinachoiwasha BCL11A ndani ya seli za damu, na kuzirudisha baada ya kemo kali ya kufuta uloto wa zamani. Bei Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mtu mmoja. Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa, wanapandikiza uloto kwa watoto, lakini anatakiwa ndugu anayelingana, na kwa ndugu wa baba na mama mmoja nafasi ni robo. Ndugu mwenye AS anaruhusiwa kuchangia. Hilo la kwako na Mwanaidi tutaliongea ukija.

Na jambo unalolisahau: dawa hizi hazibadilishi jeni za mbegu wala yai. Aliyetibiwa bado humpa mwanawe S ileile.

Sijakwambia umwache. Kama ni AS naye mkaamua kuoana, mwamue mkiwa mmeketi, mnajua. Mimba inaweza kupimwa kuanzia wiki ya 15 kwa maji ya uzazi, pale huduma ilipo, na nini kifuate ni uamuzi wenu na dini zenu. Kubwa zaidi, mtoto apimwe akizaliwa, msingoje vidole vivimbe. Penisilini ya kunywa kuanzia miezi miwili, miligramu 125 mara mbili kwa siku hadi miaka mitatu, kisha 250 hadi mitano. Chanjo ya nimonia isikosekane. Kinga ya malaria, kwa sababu AS hulindwa lakini SS malaria humwangusha kuliko mtu yeyote. Mkeo ajifunze kupapasa bandama chini ya mbavu za kushoto kila jioni. Ikikua ghafla na mtoto amepauka, ni hospitali usiku huohuo. Joto likifika 38.5 ni hospitali, si duka la dawa.

Wewe ndiye wa kwanza katika ukoo wetu kufanya kazi ya uhandisi, na watu wa mtaa huu bado wananiuliza habari zako kila nikienda sokoni. Mtu anayepima udongo mara tatu kabla ya kumwaga zege anashindwaje kutoa mililita 2 za damu?

Mwanaidi yuko vizuri. Hemoglobini yake ilikuwa 9.1 juzi. Kopo lake limebakiwa na vidonge 14, yaani siku saba, na duka la kawaida limeishiwa, kwa hiyo ukipata huko nunua makopo mawili umpe dereva wa basi unayemwamini. Anataka sweta lingine. Lile la bluu amempa jirani. Baba yako goti linamsumbua lakini amekataa fimbo. Machungwa ya Muheza yameanza kushuka bei, nitakuwekea gunia kama unakuja kweli, si kama mwezi uliopita.

Bomba la tangi limeziba tena, na yule fundi wako hapokei simu. Nitumie namba ya mwingine pamoja na picha ya hizo karatasi, kurasa zote, tarakimu zionekane, yako na yake. Nikizipata Alhamisi, mjomba wako anapanda basi Ijumaa na bahasha.

Mama yako.