Barua kwa Mwanangu Anayekwenda Makambako

Kamachumu, Jumapili jioni

Mwanangu Mutalemwa,

Dada yako ameniambia kwamba umepata kazi ya ukarani katika kiwanda cha mbao huko Makambako, na kwamba unaondoka wiki hii. Nimefurahi, tena nimejivuna kwa majirani kuliko inavyofaa, ingawa habari kama hiyo nilistahili kuisikia kinywani mwako.

Makambako ni njia panda ya Mbeya, Songea na Dar es Salaam. Malori hulala hapo, na yanapolala malori hapakosi baa na nyumba za wageni. Utafiti wa taifa wa 2022 na 2023 ulikuta maambukizi ya VVU katika Mkoa wa Njombe yamefikia asilimia 12.7 ya watu wenye umri wa miaka 15 na kuendelea, wakati kwa nchi nzima ni asilimia 4.4. Sisi wa Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa mwaka 1983, hatuna uso wa kuwanyooshea wenzetu kidole. Ya baba yako mdogo unayajua.

Kinachoninyima usingizi si usiku wa kwanza, kwa kuwa mgeni hutiliwa shaka na kondomu utakuwa nayo. Naogopa mwezi wa tatu wa kukaa kwako huko, utakapokuwa umemzoea binti wa watu, anakupikia na kukufulia, nanyi mkaona kwamba kuitaja kinga ni kutukanana. Hapo ndipo wengi huiacha, wala si kwa kukosa elimu: mwanamke akiidai huitwa malaya, mwanamume akiidai huulizwa anaficha nini. Ukiwa wewe ndiye unayemlipia kodi ya chumba, usidhani kunyamaza kwake ni kukubali, maana asiye na fedha yake hukataa kwa shida. Kuaminiana si kipimo, mwanangu. Nendeni mkapime pamoja, mrudie baada ya miezi mitatu mkiwa bado mnaitumia, ndipo mzungumze habari ya kuiacha.

Tangu siku ya ile pakiti ya kondomu niliyoichoma jikoni, hukunipa tena suruali zako nizifue. Padri alinisifu kwa kuichoma. Sijui kama nilizistahili sifa zile.

Kondomu usiziweke kwenye pochi ya mfuko wa nyuma, kwa sababu joto na kukaliwa huzichakaza, wala usizipake mafuta ya mgando, yanaudhoofisha mpira. Pombe nayo, ambayo umeirithi unakojua, humsahaulisha mtu hata kilichomo mfukoni mwake. Ikitokea hivyo, usikae na aibu yako chumbani, wahi kituo cha afya saa 72 hazijapita, maana dawa za kuzuia maambukizi zipo, na kila saa unayochelewa inazipunguzia nguvu.

Mnyauko umeingia kwenye migomba ya upande wa kisima, tumekata na kufukia mashina 11. Fedha ya kahawa haijalipwa. Hata hivyo, mshahara wa kwanza usiutume wote. Nunua blanketi zito, kule ni baridi. Ukifika huo mwezi wa tatu nitakupigia simu nikuulize habari hii hii ya kinga, nawe usijifanye mtandao unasumbua.

Mama yako