Barua ya wazi kwa mpwa wangu: kabla hujajaza kile kisanduku cha marejeo

Mpwa wangu,

Marahaba. Ujumbe wako umefika, pamoja na zile picha mbili: Google Scholar, kitafutio cha Google cha maandiko ya kitaaluma, inasema kazi zako zimerejelewa mara 65; Scopus, kanzidata ya majarida, inasema mara 11. Unauliza ipi ni ya kweli, maana fomu ya kupanda cheo ina kisanduku kimoja tu. Najibu hadharani kwa sababu swali hilohilo wanalo wenzako wengi hapo Tanga, na wale wa Bagamoyo wanaoandika juu ya sanaa na utamaduni ndio usiseme.

Zote mbili ni za kweli. Wewe unayeandika habari za wavuvi wa Tongoni na Kigombe unajua kwamba juya na mshipi havileti kitoweo kimoja. Scopus, mali ya kampuni ya Elsevier, ina bodi inayochagua majarida ya kuingiza. Web of Science, kanzidata nyingine iliyotokana na kazi aliyoianza Eugene Garfield, nayo huchagua. Google Scholar, iliyoanza 2004 kama Scopus, inakokota: makala, vitabu, tasnifu za wanafunzi, ripoti za mashirika, na mwani wake humohumo. Katika sayansi za jamii tofauti inakuwa kubwa, kwani tunaandika sana vitabu, sura za vitabu na makala katika majarida ya hapa nyumbani, na mengi ya hayo Scopus haiyaoni. Basi usiandike 65 peke yake wala 11 peke yake. Andika zote mbili, kila moja na jina la kanzidata yake na tarehe uliyotazama. Kisanduku kikiwa kidogo, ambatisha karatasi.

Lakini hata hiyo 65 siiamini bado, na sababu ni jina lako. Sisi tuna jina letu, la baba na la babu. Majarida yanataka jina la ukoo. Makala yako ya kwanza imemaliza na jina la babu. Ya pili, mhariri amelikata la babu akaacha la baba. Kwenye kile kitabu la baba limewekwa mbele, likafuatwa na mkato. Kwa mashine hao ni watu watatu. Na kuna upande wa pili: ukishaandikwa “Juma” na herufi moja ya mwanzo, unabebeshwa makala za mtafiti wa malaria usiyemjua hata kwa sura. Chagua umbo moja la jina sasa, na hata harusi isilibadilishe.

Kisha fungua ORCID, namba ya kudumu ya kumtambulisha mtafiti, ni bure. Utapata namba ya tarakimu 16, nne nne kwa vistari. Ya mwisho ikiwa X usishtuke, ni alama ya kuhakiki tu. Jisajili kwa baruapepe ya chuo na uongeze ya kwako binafsi, maana siku ukihama chuo ile ya kwanza hufungwa nawe ukabaki nje ya mlango wako. Itie namba hiyo kila unapopeleka makala, na uiruhusu Crossref, shirika linalosajili makala za wachapishaji, ijaze orodha yenyewe. Kazi za zamani ziingize kwa DOI, yaani namba ya kudumu inayopewa kila makala. Ukianza kuandika vichwa kwa mkono, kosa la herufi moja huzaa kazi ya pili ambayo haipo duniani.

Baada ya hapo rudi Google Scholar. Bonyeza safu ya vichwa ili kazi zijipange kwa alfabeti, uone zinazojirudia. Kichwa kilekile kikitokea mara mbili, tia tiki zote mbili, bonyeza kuunganisha, chagua maelezo yaliyo kamili. Za yule mtu wa malaria zifute. Ukiona kinyota kando ya idadi, ujue ndani yake kuna marejeo ambayo huenda ni ya kazi nyingine, fungua usome. Mwisho, kwenye mipangilio, zima kule kujiongezea kazi kwenyewe, ili kila kazi mpya uletewe kwa baruapepe uikubali au uikatae. Na thibitisha baruapepe ya chuo, bila hivyo wanaotafuta jina lako hawatakuona.

Kipimo cha h alikibuni mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005: ni idadi kubwa kabisa ya kazi zako ambazo kila moja imerejelewa angalau mara idadi hiyohiyo. Panga kazi kuanzia iliyorejelewa zaidi. Zako nane zinakwenda hivi: 24, 17, 9, 6, 5, 3, 1, 0. Shuka ukihesabu nafasi. Ya tano ina 5, inatosha. Ya sita ina 3, haifiki 6, simama hapo: h yako ni 5. Ile i10 ya Google ni idadi ya kazi zenye marejeo 10 au zaidi, nawe unazo 2. Scopus inaona makala tatu tu, zenye 6, 4 na 1, hivyo h ya huko ni 2. Kuna pia g ya Leo Egghe ya 2006, ambayo inataka jumla ya marejeo ya kazi za juu ifikie mraba wa idadi ya kazi hizo. Wewe 65 yako imepita 64, ambayo ni 8 mara 8, kwa hiyo g yako ni 8: kazi zako zote, pamoja na ile ambayo hakuna binadamu aliyeirejelea. Ndiyo maana g siipendi.

Hata h ina upofu wake. Haishuki kwa kupita miaka, kwa hiyo inampendelea aliyeanza mapema. Haijui kwamba ile ya 24 ni ripoti ya waandishi sita na wewe ni wa nne, wakati ile ya 9 umeiandika peke yako. Haijui pia kujirejelea. Scopus ina mahali pa kuondoa marejeo ya mtu kwa nafsi yake. Google Scholar haina, itabidi ufungue orodha ya waliokurejelea uyatoe mwenyewe. Kujirejelea si dhambi, ila kamati ikigundua kabla hujasema, utaonekana umeficha. Usimwige pia anayejaza fomu kwa kipimo cha athari cha jarida. Hicho ni wastani wa jarida zima, hesabu ya marejeo ya mwaka mmoja kwa makala za miaka miwili iliyotangulia. Makala yako inaweza kuwa na sifuri ndani ya jarida linalosifiwa. Azimio la San Francisco, DORA, la mwaka 2012, linapinga waziwazi mtu kupimwa kwa kipimo cha jarida.

Nije kwenye linaloniuma: makala zako mbili za Kiswahili, moja ina 1 na nyingine 0. Kabla hujasema Kiswahili hakisomwi, fungua faili lake na ujaribu kunakili sentensi moja. Ikikataa, lile faili ni picha ya karatasi iliyoskaniwa, na mashine haina cha kusoma. Lipitishe kwenye programu ya kutambua herufi, kisha hakiki majina yote, maana programu hizo huyakoroga majina yetu. Mwongozo wa Google Scholar unataka faili la PDF lisizidi megabaiti 5, kichwa cha makala kiwe na herufi kubwa kuliko nyingine zote za ukurasa wa kwanza, majina ya waandishi yawe chini yake, na orodha ya marejeleo iwe na kichwa kinachosimama kwenye mstari wake peke yake. Mifano ya kichwa hicho wanayoitoa ni “References” na “Bibliography”. Sasa fikiria anayekurejelea katika makala ambayo orodha yake imeandikwa “Marejeleo”: rejeo lako liko hatarini kupotea hata kabla halijahesabiwa. Zungumza na mhariri, mstari huo mmoja uwe wa Kiingereza. Najua linakera.

Weka pia kichwa na ikisiri ya Kiingereza. Mtafiti wa uvuvi aliyeko Msumbiji hataandika “uvuvi wa baruti” kwenye kisanduku cha kutafutia. Katika maneno muhimu andika “Tanga, Tanzania”, kwani Tanga pekee humletea msomaji mambo chungu nzima yasiyohusu mji wenu. Jarida likiwa halitoi DOI, weka nakala kwenye hazina ya chuo au Zenodo, hazina ya mtandaoni inayoendeshwa na CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya; Zenodo itakupa DOI bila malipo. Soma kwanza masharti ya mchapishaji: wengine wanaruhusu nakala ya mwisho uliyowapelekea wewe, si ile waliyoipanga wao.

Majarida ya kitapeli nitayapitia haraka. Baruapepe inakuita profesa ilhali wewe ni mhadhiri msaidizi, inaahidi kuchapisha ndani ya siku chache, na ada inatajwa kabla ya uhakiki. Itafute ISSN ya jarida, yaani namba yake ya utambulisho, kwenye tovuti rasmi ya ISSN. Chukua DOI ya makala yoyote yao uiweke doi.org uone kama inafungua makala hiyohiyo. Wakisema wamo Scopus, tazama orodha ya Scopus yenyewe, na anwani ya tovuti ilingane herufi kwa herufi, kwani wapo wanaounda tovuti pacha ya jarida halali. Makala ikishaingia huko kuitoa ni kazi, na jarida makini halitaipokea tena kwa kuwa imekwisha chapishwa.

Kwa kamati, nenda na jedwali la ukurasa mmoja: kazi, mwaka, nafasi yako kati ya waandishi, idadi ya Google Scholar, idadi ya Scopus, na safu ya mwisho inayosema nani amekurejelea na kwa lipi. Safu hiyo ndiyo yenye nguvu. Chukua ile makala yenye 9 uzisome kazi zote tisa zilizoirejelea. Anayekutaja katika mabano pamoja na watu wengine sita ni wa kupita. Anayetumia takwimu zako, au anayebishana nawe ukurasa mzima, mwandike kwa jina la kazi na ukurasa. Na kama BMU ya Kigombe, kile kikundi cha kusimamia uvuvi, imeitumia ripoti yako kurekebisha sheria ndogo, hilo halimo katika kanzidata yoyote. Omba barua ya serikali ya kijiji inayotaja ripoti kwa kichwa chake na kifungu kilichobadilishwa, iwe na mhuri na tarehe, uiambatishe nyuma ya jedwali.

Mjomba wako