Chai Ingoje Kidogo

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaikum. Mimi na babako hatujambo, twakuombea usiku na mchana. Nimeona nikuandikie, kwani kwenye simu wanijibu "nimesikia mama" kisha tunaingia kwenye habari nyingine.

Ulisema nesi wa kliniki amekuambia damu yako iko chini. Hilo si jambo la kupuuza. Mama mjamzito mwenye damu pungufu huchoka ovyo, na akitokwa na damu nyingi siku ya kujifungua hana akiba. Vidonge vya damu ulivyopewa vimeze kila siku, hata ukijiona mzima. Vikikuchafua roho, meza usiku unapokwenda kulala. Choo kikiwa cheusi usishtuke, ni madini ya chuma yaliyomo kwenye vidonge. Na neti usiikose usiku, malaria nayo hula damu.

Sasa hapa ndipo nataka unisikize. Wewe asubuhi ni mahamri, mbaazi za nazi na chai, tena chai iliyokolea. Mbaazi sina neno nazo, zina chuma na zinajenga mwili. Lakini chai hukishika kile chuma tumboni, mwili ukakikosa. Basi kula kwanza, chai ingoje saa moja au mbili. Kamulia ndimu kwenye mbaazi zako, au kula chungwa au embe, maana vitamini C hukifungulia chuma njia. Vidonge pia vimeze kwa maji ya ndimu, si kwa chai wala maziwa. Mchicha upike wakati wa kula, usiuchemshe ukamwaga maji yake. Na ule udongo wa sokoni, mwanangu, uache. Hamu yake mara nyingi huja na upungufu wa damu, na ukiula unazidi kuupunguza uwezo wa mwili kupata chuma.

Samaki kula: changu, tafi, simsim, dagaa. Wa kupaka aive mpaka ndani. Papa na nduwaro waache mpaka ujifungue. Samaki wakubwa walao wenzao hukusanya zebaki, nayo humdhuru mtoto ubongo. Maini yawe kidogo tena mara chache, vitamini A ikizidi si salama kwa mimba. Wanaokuambia ule sahani mbili kwa kuwa mko wawili, wasikubabaishe. Chakula kiwe bora, na nyongeza iwe ndogo tu.

Kutembea nakutaka utembee. Jua likipungua baada ya alasiri, nendeni na mumeo bustani ya Mama Ngina mpigwe na upepo wa bahari. Nusu saa, siku tano kwa wiki, yatosha, na mwendo uwe ule unaoweza kuzungumza bila kuhema. Beba maji ya kunywa, joto la kaskazi si la kuchezea. Ukiona damu, au maji yakitoka, au kichwa kikauma sana na macho yakaona ukungu, au mtoto akapunguza kucheza, usinisubiri mimi. Nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Lakini madumu ya maji kuyapandisha ngazi si mazoezi. Hiyo kazi ni ya mumeo. Na kwenye mbuzi usikae tena kuinamia nazi, tumbo likikua mgongo utakuuma. Akune yeye, wewe kamua tui. Mkweo akisema mwanamume hakuni nazi, mwambie ni mimi niliyesema, nami nitazungumza naye kwa heshima zote. Kulea mimba ni kazi ya nyumba nzima, na mkweo alizaa, anajua uzito wake.

Jumamosi nitavuka na feri ya asubuhi kutoka Likoni. Ninakuletea mnavu na ndimu za uani. Siku ya kliniki ikifika twende pamoja, nataka nimsikie nesi mwenyewe akisoma kipimo cha damu. Kijitabu cha kliniki kiweke mkobani kabisa.

Msalimie mumeo.

Wasalaam,
Mamako