Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: wafundisheni watu wa fizio kuprinti 3D, mashine zitafuata

Mheshimiwa Waziri, shikamoo. Najua ofisi yako iko Dodoma na mi niko huku Dar, Sinza, kwenye kafremu ka kutengeneza laptop na kuprinti vitu vya 3D, yaani mashine inajenga kitu cha plastiki tabaka juu ya tabaka kufuata mchoro wa kompyuta, ila naamini kuna msaidizi wako atapita hapa aione. Kazi zangu za kila siku ni vishika funguo, vikombe vya bonanza za mtaani, gia za mashine zilizoisha meno. Siku hizi ndo nafuatwa na watu wa fizio, wale wa mazoezi ya viungo hospitalini, na wale wa tiba kwa vitendo, wanaomsaidia mgonjwa aweze tena kula, kuvaa au kuandika mwenyewe, wanakuja jioni wakitoka kazini, kijiko au mswaki mkononi, fundi huu mpini unaweza kuninenepeshea?

Naweza, tena ni kazi ndogo sana. Mtu aliyepata kiharusi vidole havikunji vizuri, kijiko cha kawaida kinamponyoka, ukimwekea mpini mnene anakula mwenyewe bila kulishwa na mjukuu. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo anataka kishikio cha penseli kinachokaa kwenye vidole vyake yeye, sio vya mtoto wa jirani. Mama mwenye baridi yabisi anashindwa tu kuzungusha ufunguo wa kitasa. Kishikio cha gramu 20, kilo moja ya filamenti, ule waya wa plastiki ambao mashine inauyeyusha, inakupa kama 50 hivi, toa vitakavyoharibika maana umeme nao Mheshimiwa unaujua.

Sasa mtu atasema si waendelee kuja kwako fundi, biashara yako si ndo hiyo. Hapana. Mi najua mashine, mkono wa mgonjwa siujui. Mwenye kisukari aliyekufa ganzi kona ikimchubua hasikii, ataendelea kutumia mpaka kidonda, na mi huku dukani naona kitu kimetoka kizuri napiga picha naposti. Mtu wa fizio ndo anajua amvalishe, asubiri, avue, aangalie ngozi imekuwa nyekundu wapi, arudi apunguze milimita mbili. Hizo milimita mbili ndo kazi yenyewe, na kama hajui kufungua faili la mchoro kwenye kompyuta akazipunguza mwenyewe basi kila badiliko ni nauli ya daladala na foleni, mwisho wanachoka wanamfungia mgonjwa kitambaa kwenye kijiko yanaisha.

Na wao pia kuna vitu vya plastiki lazima wafundishwe. PLA, ile filamenti rahisi tunayotumia wengi, inaanza kulainika kwenye nyuzi joto 60 hivi, mama akiloweka vyombo kwenye maji ya moto kijiko kinatoka kimepinda, ukikiacha kwenye gari juani pale Kariakoo hivyo hivyo. PETG, filamenti nyingine, inavumilia mpaka kama 80. Kitu kimeprintiwa tabaka juu ya tabaka, ukikilaza vibaya kwenye mashine kinakatikia kwenye tabaka, tena mkononi mwa mtu. Halafu ile mistari ya tabaka inakamata mabaki ya chakula, kwa iyo cha kulia chakula lazima wafikirie kitaoshwaje. Na hii hewa yetu ya pwani, filamenti ikiachwa wazi inanyonya unyevu, inatoa nyuzinyuzi kama utando wa buibui. Vyote hivi vinafundishika, sio sayansi ya roketi.

Ninachoogopa ni tuanze na mashine. Kuna sehemu, siitaji, niliitwa kuangalia printa ya wafadhili, nikaikuta imefunikwa kitenge, aliyefundishwa alishahamishwa na hakuna mwingine aliyewahi kuigusa. Mashine nzima kabisa!

Wengi wakisikia 3D wanawaza mkono wa bandia. Ni kweli, yule seremala wa Afrika Kusini, Richard van As, alikatwa vidole 2011, akashirikiana na Ivan Owen wa Marekani wakatengeneza mkono wa kuprinti wakauachia bure mtandaoni, heshima kwao. Ila miguu na mikono tuwaachie wenye taaluma, TATCOT, chuo kile pale Moshi, wanafundisha mafundi wa viungo bandia tangu 1981, hiyo sio kazi ya mtu aliyekaa semina wiki moja. Mi naongelea vijiko, penseli, funguo, vitu visivyopendeza kwenye picha ya uzinduzi. WHO na UNICEF walisema 2022 kuna nchi masikini ambako wanaopata visaidizi wanavyohitaji ni asilimia 3 tu, sasa tukisubiri vishikio vya penseli vije na kontena tutasubiri sana.

Ombi langu ni hili. Anzia hospitali za huku Dar, Amana, Temeke na Mwananyamala, kila hospitali watu wawili watatu ili mmoja akihamishwa ujuzi ubaki. Wafundishwe kupima, kutumia Tinkercad, programu ya kuchora vitu vya 3D, ambayo ni bure na inafunguka kwenye brauza, kurekebisha faili zilizopo tayari, kuchagua plastiki, kujaribu kwa mgonjwa na kuandika kwenye faili lake la hospitali. Tafadhali isiwe semina ya hotelini ya posho na maji ya chupa, wafundishiwe wodini na mgonjwa akiwepo. Vyuo vya fizio na tiba kwa vitendo waingize kwenye mtaala, na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, watoe mwongozo hata wa kurasa mbili, kipi kinaruhusiwa kuprintiwa hospitali na kipi hapana, maana hao wanaokuja kwangu jioni wanakuja kwa kujificha wakiogopa kuulizwa nani kakuruhusu.

Mashine waanze na za DIT, chuo cha teknolojia cha hapa Dar, au hata hii yangu, Jumamosi nafungua mpaka jioni. Kusawazisha kitanda cha mashine, pale kitu kinapojengwa, na kubadilisha nozeli, pale plastiki inapotokea, nitawafundisha bure, filamenti tu ndo waje nayo.