Herufi zote unaziona, lakini retina je?

Mvuvi mmoja wa dagaa aliingia duka letu la miwani hapa Kirumba, Mwanza, saa tatu asubuhi, ametoka ziwani moja kwa moja, shati bado lina magamba. Nilimkalisha mita 6 kutoka kwenye chati, nikaziba jicho moja, kisha jingine. Kote alishuka hadi mstari wa 6/6, yaani uono wa kawaida, bila kukwama.

"Daktari, herufi zako naziona zote," akasema. "Ila usiku nikishaitazama taa, nikigeuka kushika wavu, giza tupu. Wenzangu wanavuta, mimi nimesimama kama gogo."

Nikamwuliza kama macho yaliwahi kuuma. Ndiyo, miezi miwili nyuma yalikuwa mekundu yote mawili, mwanga unachoma. Alinunua matone duka la dawa, wekundu ukaondoka, akarudi kazini. Mara mojamoja huona vidoa vyeusi vikielea, mfano wa wale wadudu wa ziwani wanaoinuka kama moshi.

Siku ile sikumuuzia miwani, na nataka kueleza kwa nini.

Chati ya herufi hupima kitovu cha retina tu, mahali penye upana wa kama milimita 1.5. Retina yenyewe ni utando unaofunika sehemu kubwa ya ukuta wa nyuma wa jicho. Ina chembe milioni 6 hivi za rangi na vitu vidogo, na nyingine kama milioni 120 za kuonea kwenye mwanga hafifu. Kinga ya mwili inapopigana ndani ya jicho, ugonjwa ambao madaktari huuita uveitisi, mishipa huvuja, tishu huvimba, na chembe hizo zinaweza kudhoofika huku kitovu kikiendelea kusoma vizuri. Ndiyo maana mgonjwa wa uveitisi akiniambia "naona, ila si kama zamani", namwamini yeye kabla ya chati.

Kuna vipimo vitatu tunavyofanya hapa hapa dukani. Ninachokipenda zaidi hakihitaji mashine kubwa. Naziba jicho moja, namulika lililo wazi kwa sekunde 10, halafu nahesabu muda hadi asome tena mstari ulio juu kidogo ya ule wa mwisho aliouweza. Jicho lenye afya hurudi ndani ya dakika moja, mara nyingi mapema zaidi. Msaidizi wangu alitumia sekunde 25. Mvuvi wetu: jicho la kulia dakika 1 na sekunde 10, la kushoto dakika 1 na sekunde 55. Alikaa kwenye kiti akirudia, "Bado. Bado. Bado." Hiyo ndiyo taa ya wavuni, imehamia dukani.

Cha pili ni kifuniko chekundu cha chupa ya matone. Nakishika mbele ya jicho moja, kisha la pili, na kuuliza kama wekundu ni uleule. Alisema kwa jicho la kushoto kimepauka kama tofali la zamani. Cha tatu ni karatasi ya miraba yenye nukta katikati. Mistari ikipinda au ikikatika, huenda kitovu cha retina kimejaa maji.

Kwetu tunaishia hapo. Hatutibu uveitisi. Nilimwandikia barua ya rufaa kwenda hospitali ya Bugando na vipimo vyote ndani yake.

Kwa daktari bingwa utawekewa matone ya kupanua mboni, basi nenda na mtu wa kukurudisha, usipande pikipiki ukiendesha mwenyewe. Picha ya OCT, inayopigwa kwa mwanga, huonyesha tabaka za retina na maji yaliyojikusanya. Lakini picha huonyesha umbo. Kazi hupimwa kwa elektroretinogramu: unakaa gizani dakika 20 (simu mfukoni, tafadhali, mwanga wake unaharibu kipimo), kisha taa inamulika na nyaya nyembamba zinapokea umeme mdogo ambao retina hutoa ikijibu. Wimbi la kwanza hushuka, linatoka kwenye chembe zinazopokea mwanga. La pili hupanda, linatoka kwa zile zinazopokea ujumbe wao. Baadaye taa humetameta mara 30 kwa sekunde, na katika baadhi ya aina za uveitisi jibu la retina huanza kuchelewa kabla herufi hazijapotea. Daktari huweza kutumia kuchelewa huko kuamua kama dawa iongezwe au ipunguzwe. Si kila mgonjwa anakihitaji, wala hakipatikani kila hospitali; bingwa ndiye anayeamua.

Naomba sana jambo moja kuhusu matone ya dukani. Baadhi yana steroidi, dawa za kutuliza uvimbe. Huondoa wekundu haraka, lakini ukiyatumia kwa muda bila kuangaliwa yanaweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Na kama chanzo ni vimelea au virusi, kuyatumia peke yake kunaweza kuuachia ugonjwa njia. Kifua kikuu, kaswende, kimelea cha toksoplasma na mkanda wa jeshi, vyote huweza kuingia jichoni, kwa hiyo ukiambiwa utoe damu usishangae. Ukija kwetu, njoo na chupa zote ulizotumia, hata tupu.

Mvuvi alianzishiwa dawa na anahudhuria kliniki. Amepita hapa wiki iliyopita, nikarudia kumulika. Kwenye kadi yake nimeandika: kulia sekunde 40, kushoto sekunde 65. Herufi, 6/6 macho yote, sawasawa na siku ya kwanza.