Usikipige tupa chuma hicho

Mwanangu,

Mdogo wako kanionyesha picha ya pia yako ya Beyblade X, hizo za kuchezea, uliyomtumia jana usiku. Yeye alifurahia rangi. Mimi niliona ukingo wa bledi, kile kipande cha chuma cha juu, kwenye ile pembe ya pili, una mng'ao ambao chuma hakitoki nao kiwandani. Mng'ao huo naujua, nauona kila siku karakanani. Halafu akaniambia umemwuliza fundi wa hapo chuoni kama ana tupa laini. Nimetafuta karatasi kwa sababu mambo haya nikiyasema kwa simu utajibu "sawa baba" na utaendelea na ulichokuwa unafanya.

Usikipige tupa chuma hicho. Kama umeshaanza, acha hapo ulipofika, na bledi hiyo isiingie kwenye begi la mashindano ya Nairobi.

Najua utakavyojibu, maana mama yako umeshamjibu. Utasema kwamba pia hizi za kuzungusha zimetokana na beigoma, pia za zamani za Japani, kwamba watoto wa zamani walijaza mchanga kwenye makombe ya konokono wa baharini na kuziba kwa nta, kisha zikaja za chuma cha kumimina, na kila mtoto alinoa ya kwake kwa tupa mpaka ikakaa alivyotaka. Ni kweli, na nilifurahi kusikia umesoma hadi huko. Lakini kule tupa ilikuwa sehemu ya mchezo. Kwenye Beyblade X imekatazwa. Hupunguzi chuma, huongezi uzito, hubandiki utepe, huweki gundi, hupaki mafuta. Ulichoachiwa ni kuchagua vipande na kuviunganisha, na humo ndimo akili yako inamotakiwa kuonekana. Mwamuzi akiigeuza pia yako akakuta alama ya tupa, utasimama mbele ya vijana wa watu huna la kusema. Umesafiri kutoka Arusha, umepita Namanga, umelipa nauli, halafu unatolewa kabla hujarusha hata mara moja.

Na hata kama kusingekuwa na kanuni yoyote, bado ungekuwa unajiharibia. Chuma cha ukingoni ndicho kinachoifanya pia idumu kuzunguka. Gramu moja ukiisogeza mara mbili mbali na kati, mchango wake katika mzunguko unakuwa mara nne. Bledi ya Wizard Rod inawatesa wenzako kwa sababu hiyo, uzito wake umepelekwa pembeni. Sasa wewe unashika tupa na kuondoa chuma palepale penye thamani! Tena unaondoa kwa mkono, na mkono hauwezi kulinganisha pande zote, hata mkono wangu. Shafti ya boti ikitoka kwenye kerezo ina kasoro ndogo ambayo jicho haliioni, mwenye boti ataiona akiwa katikati ya ziwa, mashine inatetemeka mpaka boliti zinalegea. Pia yako ni vivyo hivyo. Kasi ikipanda mara mbili, ile nguvu ya kuivuta upande inapanda mara nne. Itayumba, biti, ile ncha ya chini, itaanza kukwaruza uwanja, na wakati ya mpinzani bado imesimama wima, ya kwako itakuwa inalala.

Hapo sijagusa habari ya macho. Tupa inaacha vipande vyembamba kwenye ukingo, na chuma kikigongana na chuma vinakatika. Uwanja una kifuniko, lakini wewe una tabia ya kuinamia pale kwenye tundu la kurushia ili uone vizuri. Usiiname.

Kama shida yako ni kwamba pia haigongi kwa nguvu, mbona hujamaliza njia halali? Nimekaa na mdogo wako akanieleza mpangilio wako, na ninavyoona shida haiko kwenye bledi. Unatumia biti ya Ball, ambayo kazi yake ni kukaa katikati na kutunza mzunguko, kisha unalalamika kwamba haishambulii. Weka Flat, au Rush. Hizo zinakimbia, meno yake yanaishika ile reli ya uwanjani, na hapo ndipo mbio za kumtoa mtu zinapopatikana. Ila zinakula nguvu haraka, kwa hiyo ukikosa mapigo ya mwanzo umeshindwa. Racheti yako ya 4-80, kile kipande cha kati ya bledi na biti, nayo ni ndefu. Hiyo 80 ni milimita 8 za kimo, na ukipambana na mtu wa 60, mwenye milimita 6, anakuingilia kwa chini na kugonga racheti badala ya bledi, halafu unashangaa kwa nini pia yako inafumuka vipande kila mara. Jaribu 9-60. Ina pembe nyingi fupi, haimpi mtu pa kushika.

Bledi zako mbili za Phoenix Wing zipime. Vipande vya aina moja huwa vinapishana uzito kidogo, na hilo ndilo jambo ambalo watu walidhani wanalipata kwa tupa. Hapo Arusha wauza tanzanite wamejaa, mwombe mmoja akusaidie mizani yake, ni kazi ya dakika mbili tu. Ile nzito ndiyo ya kwenda nayo. Hivyo hujavunja kanuni ya mtu.

Halafu kumbuka mnacheza na pia tatu, na kipande kilichotumika kwenye moja hakirudiwi kwenye nyingine. Usizipange zote tatu kwa hasira. Najua pointi 3 za Xtreme, za kumsukuma mpinzani hadi kwenye shimo la Xtreme, zinakuvutia, nawe unataka ushindi wa kelele. Lakini mchezo unaisha kwa pointi 4, na pia inayobaki ikizunguka inakupa 1 bila kelele yoyote, na kumfumua mtu ni 2. Weka moja ya kudumu. Na ukikutana na mwenye Cobalt Dragoon, ile inayozunguka kushoto, usimletee Flat ukidhani utamrusha. Zikizunguka kinyume, kingo zake zinapokutana zinakwenda upande mmoja, hazigongani sana, na yeye anakunyonya mzunguko.

Unaona mwenyewe, vyote hivi vinawezekana na bledi ambayo haijaguswa.

Siku ya mashindano ya hapa Mwanza unaijua, siirudii. Niseme tu kwamba nilisimama nyuma ya watu na nikaona jinsi ulivyobadilisha biti baada ya kufungwa mara ya kwanza, bila kumwuliza mtu. Karakanani nimewasimulia mpaka wamechoka. Mama yako naye hachoki kunikumbusha niliyosema zamani, kwamba mchezo wa pia ni wa wavulana. Na tupa hiyo, nani alikufundisha kuishika? Basi, hilo tuliache.

Fedha ya nauli nimeshamkabidhi mama yako, atakutumia. Usiitumie kununua kirushio kingine, ulicho nacho kinatosha. Hakikisha hati yako ya kusafiria iko tayari mapema, usiende kuhangaika mpakani.

Huku hatujambo. Shangazi yako wa Sengerema siku hizi haishi kuja, maana daraja la Kigongo–Busisi limemwondolea kungoja kivuko, na akija anataka tumpikie sato. Magoti ya mama yako yanamsumbua zikianza mvua, lakini hospitali hataki kusikia. Ukiongea naye mwambie wewe, anakusikiliza. Dagaa sijatuma kwa sababu ni mbalamwezi na bei ya soko la Mwaloni imepanda, giza likirudi nitampa mtu wa basi mfuko mmoja. Bati la jikoni limeanza kuvuja upande wa mwembe. Mdogo wako amepata nafasi ya tano, na anasema akifika ya tatu utampa ile Dran Sword yako ya zamani. Sijui kama ulimwahidi, ila yeye anaamini ulimwahidi.

Sasa nifanyie jambo moja. Ifungue hiyo pia, vipande vyote vitatu, uvipange kwenye kitambaa cheupe mahali penye mwanga wa mchana. Piga picha bledi juu, chini, na kila pembe kwa karibu, unitumie kabla ya Jumamosi. Usinitumie ikiwa imefungwa. Nikikuta alama ya tupa nitakwambia uiache, na utaiacha, utakwenda na ile nyingine hata kama ni nyepesi.

Baba yako